Wahesabuni na wasiofika kwenye meza ya upasuaji: barua ya wazi kwa wanaosimamia utafiti wa magonjwa ya ini

Kwa mawaziri wenye dhamana ya afya, wakuu wa mabaraza yanayogharimia utafiti wa tiba, wenyeviti wa kamati za maadili ya utafiti na wahariri wa majarida ya kitabibu

Waheshimiwa,

YAH: KUHESABIWA KWA WAGONJWA WOTE WA INI KATIKA UTAFITI

Nawaandikia nikiwa muuguzi wa wagonjwa wa ini, ambaye kazi yake ni kupima uzito, kutoa damu, kupanga miadi na, mara nyingi kuliko ningependa, kumweleza mtu na ndugu zake kwa nini jina lake halikuingizwa kwenye orodha ya kusubiri ini. Sina maabara wala sijawahi kuongoza utafiti. Hata hivyo nazisoma tafiti zinapotoka, kwa kuwa ndizo zinazoamua nani nitamwambia nini, na kwa muda mrefu nimesumbuliwa na jambo moja ambalo naamini liko ndani ya uwezo wenu kulirekebisha: tafiti nyingi za upandikizaji wa ini huanza kuhesabu watu pale ambapo wagonjwa wengi wameshafariki au wameshaachwa.

Katika vituo vyenye uzoefu, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 waliopandikizwa ini huwa hai mwaka mmoja baadaye. Ni takwimu ya kweli na wanaoifanikisha wanastahili heshima, lakini saa yake huanza kwenda pale mgonjwa anapolazwa mezani. Haimhesabu aliyefariki akisubiri, wala aliyeondolewa orodhani kwa sababu uvimbe wa saratani ulikua kupita kiasi kinachoruhusiwa, wala aliyekataliwa kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwuguza baada ya upasuaji, wala yule ambaye ugonjwa wake uligunduliwa siku alipotapika damu. Shule inayotangaza ufaulu wa waliofanya mtihani bila kutaja wangapi waliacha masomo kabla yake ingeulizwa maswali. Utafiti wetu hauulizwi. Magonjwa ya ini yanakadiriwa kuua watu wapatao milioni 2 duniani kila mwaka, ilhali upandikizaji wa ini unaofanyika kwa mwaka ni makumi machache tu ya maelfu, na kwa viungo vyote kwa jumla inakadiriwa kwamba dunia inakidhi chini ya asilimia 10 ya mahitaji. Tunachokijua vizuri zaidi kinahusu kundi dogo zaidi.

Tabia hii haikuwapo mwanzoni. Tarehe 1 Machi 1963, huko Denver nchini Marekani, Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikiza binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na tatizo la mirija ya nyongo, naye akafariki mezani kwa kuvuja damu. Waliomfuata waliishi siku chache au wiki chache, Starzl akausimamisha upasuaji huo, na ni mwaka 1967 tu alipoanza kupata wagonjwa walioishi zaidi ya mwaka. Ninachotaka mkitazame ni kwamba hakungoja afaulu ndipo aandike. Vifo vya wagonjwa wake wa kwanza vimo katika makala aliyoichapisha mwaka uleule wa 1963, pamoja na maelezo ya jinsi damu ilivyoshindwa kuganda na jinsi mabonge ya damu yalivyosafiri hadi mapafuni. Miaka mingi ilipita huku wengi wa waliopandikizwa wakifariki kabla ya mwaka kwisha, hadi ilipokuja siklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili ambayo Roy Calne wa Cambridge aliiingiza katika upandikizaji mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1983 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani likatamka kwamba upandikizaji wa ini umevuka hatua ya majaribio. Fani hii imesimama juu ya vifo vilivyoandikwa kwa uaminifu.

Mfano wa faida ya kuwahesabu wasiopata ni alama za MELD, yaani hesabu ya ukubwa wa ugonjwa wa ini inayotumika kupanga foleni ya wanaosubiri, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu unafundisha mambo mawili kwa pamoja. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, Marekani ilikuwa ikigawa maini kwa kuangalia, miongoni mwa mambo mengine, muda ambao mgonjwa alikuwa amekaa orodhani na kama alikuwa amelazwa katika chumba cha uangalizi maalumu. Februari 2002 ilianza kutumia alama hizo, zinazokokotolewa kutokana na bilirubini (rangi ya njano ya nyongo iliyomo katika damu), kreatinini (taka ya mwili inayochujwa na figo) na muda wa damu kuganda, ili aliye katika hatari kubwa zaidi ya kufariki ndani ya siku 90 atangulie. Ulikuwa mfumo wa haki kuliko ule wa zamani. Lakini kreatinini hutokana na misuli, na kwa kuwa wanawake kwa wastani wana misuli midogo kuliko wanaume, kipimo chao husomeka vizuri hata pale figo zinapokuwa zimeanza kuchoka, hivyo mwanamke aliyekuwa mahututi sawasawa na mwanamume wa kitanda cha jirani alipewa alama chache na kusogezwa nyuma. Toleo jipya la alama hizo, MELD 3.0, linalozingatia jinsia na kuongeza kipimo cha albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, lilianza kutumika huko mwaka 2023. Miaka 21 ilikuwa imepita.

La kwanza ninalojifunza hapo ni kwamba kasoro ile iliweza kuonekana kwa sababu rejista ilikuwa ikiandika vifo vya waliokuwa wakisubiri, si vya waliopandikizwa pekee. Isingekuwa hivyo, wanawake waliopandikizwa wangeonekana wanaendelea vizuri, na hakuna ambaye angeuliza lolote. La pili ni kwamba hata rejista nzuri namna hiyo haiwaoni walioishia mlangoni. Mgonjwa ambaye daktari wake wa kwanza hakumpa rufaa, au aliyepewa rufaa akashindwa gharama za vipimo, hana alama wala tarehe ya kuondolewa orodhani, kwa kuwa hakuwahi kuwa orodhani. Tukitaka kujua kama ugawaji ni wa haki, inatubidi tuanze kumhesabu mtu siku anapoambiwa kwamba ini lake limeshindwa kazi.

Nchini Uingereza nako, tangu Machi 2018, maini hugawiwa kwa kanuni ya kompyuta inayopima manufaa ambayo mgonjwa atayapata akipandikizwa ikilinganishwa na kuachwa asubiri. Nia ilikuwa njema. Baadaye watafiti walionyesha kwamba vijana walikuwa wakipunjwa, kwa sababu kanuni hiyo hutazama miaka 5 tu mbele, na mtu mwenye miaka 30, ambaye angeweza kuishi miongo kadhaa kwa ini jipya, haonekani kuwa na cha ziada ndani ya miaka hiyo 5. Siilaumu kompyuta. Nasema kwamba kila kanuni ya ugawaji ni jaribio la kitabibu linalofanywa juu ya watu wasioombwa ridhaa, na jaribio la namna hiyo linapaswa kuwa na wakaguzi wa nje tangu siku ya kwanza, wakiwa na takwimu zote mikononi.

Upande wa vigezo vya kumkubali mgonjwa, hali ni hiyohiyo. Mwaka 1996 Vincenzo Mazzaferro na wenzake huko Milan walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 wa saratani ya ini, waliochaguliwa kwa kuwa na uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vivimbe visivyozidi 3 ambavyo kila kimoja hakikuzidi sentimita 3. Baada ya miaka 4, asilimia 75 walikuwa hai, na vigezo hivyo vikawa kipimo kinachofuatwa karibu dunia nzima. Vimeokoa watu wengi, kwa sababu kabla yake saratani ilikuwa ikirudi kwa wagonjwa wengi mno waliopandikizwa. Ila kwa mtu ambaye uvimbe wake una sentimita 6, swali la muhimu ni angeishi muda gani kama angepandikizwa na muda gani asipopandikizwa, na swali hilo halijibiwi na utafiti unaowaripoti waliokubaliwa peke yao.

Kuhusu pombe, niseme waziwazi kwamba nina msimamo. Kwa miaka mingi vituo vingi vilidai mgonjwa aliyeharibiwa ini na pombe akae miezi 6 bila kunywa kabla hajafikiriwa, na aliyekuwa na homa kali ya ini itokanayo na pombe, ambayo huua ndani ya wiki au miezi michache, alijikuta amewekewa sharti ambalo mwili wake usingelifikia. Mwaka 2011 Philippe Mathurin na wenzake, wakifanya kazi Ufaransa na Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wagonjwa 26 waliopandikizwa bila kungoja: baada ya miezi 6, asilimia 77 walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 23 ya waliofanana nao ambao hawakupandikizwa. Nauheshimu utafiti huo pia kwa sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba watafiti walieleza kuwa waliochaguliwa hawakufika asilimia 2 ya waliolazwa kwa ugonjwa huo mkali. Sentensi hiyo moja humwezesha msomaji kujua anasoma habari za akina nani. Naomba sentensi kama hiyo iwe ya lazima katika kila makala.

Hata katika teknolojia, kilichoachwa nje ndicho mara nyingi hubeba habari. Mwaka 2018 David Nasralla na wenzake walichapisha jaribio lililolinganisha maini yaliyohifadhiwa kwenye barafu na yale yaliyounganishwa na mashine inayopitisha damu yenye oksijeni katika joto la mwili. Madhara kwenye ini yalipungua kwa asilimia 50, na maini yaliyotupwa bila kutumika yakapungua pia kwa asilimia 50. Uhai wa wagonjwa wenyewe haukutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu kati ya makundi hayo mawili, na anayesoma kuhusu waliopandikizwa tu angeweza kudhani mashine haina maana. Manufaa yake makubwa yamo katika maini ambayo yangetupwa, yaani katika mtu wa ziada aliyepata ini. Mashine ya aina nyingine, inayopitisha maji baridi yenye oksijeni, ilionyeshwa mwaka 2021 kupunguza makovu ya mirija ya nyongo kutoka asilimia 18 hadi 6 kwa maini ya watoaji ambao moyo ulikuwa umeshasimama, na hayo ndiyo maini ambayo wapasuaji wengi huyaogopa. Pamoja na hayo, ni rejista chache zinazochapisha maini mangapi yalitolewa na familia zilizofiwa kisha yakatupwa, na kwa sababu gani.

Nije kwa watoaji walio hai. Ini lina uwezo wa kukua tena, ndiyo maana mzazi anaweza kumpa mtoto wake kipande na wote wawili wakaishi. Upasuaji wa kwanza wa aina hiyo uliofaulu ulifanywa na Russell Strong huko Brisbane mwaka 1989. Leo katika nchi kama Korea Kusini, India na Uturuki, maini mengi yanayopandikizwa hutoka kwa watu walio hai. Hatari ya kifo kwa mtoaji hukadiriwa kuwa kati ya mtu 1 na 5 kwa kila 1,000, ikiwa kubwa zaidi pale inapokatwa sehemu ya kulia ya ini. Ni hatari ndogo, lakini inabebwa na mtu ambaye alikuwa mzima, na ambaye mara nyingi ameombwa na ukoo mzima kwa macho hata pale ambapo hakuna aliyefungua kinywa. Marekani inavitaka vituo viwafuatilie watoaji kwa miaka 2. Mtu aliyetoa ini akiwa na miaka 25 ana nusu karne mbele yake, ya uzazi, ya kazi za nguvu, ya uzee, na kuhusu sehemu kubwa ya muda huo tunachoweza kumwambia ni kidogo mno. Nimewahi kuulizwa na binti aliyekuwa akijiandaa kumpa baba yake ini kama ataweza kubeba mimba bila shida miaka 10 baadaye. Nilimjibu kwa yaliyoandikwa, nayo yalikuwa machache.

Lipo suala zito kuliko yote hayo, nalo linawahusu zaidi wahariri na kamati za maadili. Mwaka 2019 Wendy Rogers na wenzake walichapisha uchambuzi wa makala 445 za upandikizaji kutoka China, zilizohusu viungo vya aina mbalimbali na upandikizaji 85,477. Asilimia 92.5 ya makala hizo hazikueleza kama viungo vilitoka kwa wafungwa walionyongwa au la, na asilimia 99 hazikueleza kwamba waliotoa viungo waliridhia. Makala hizo zilipita mbele ya wahakiki na wahariri wa majarida yenye sifa. Tangu mwaka 2008 kuna Azimio la Istanbul linalopinga biashara ya viungo, na madaktari wengi huliunga mkono kwa dhati, lakini azimio halina nguvu kama mhariri anaweza kuchapisha matokeo ya mamia ya maini bila kuuliza yametoka kwa nani. Mtoaji naye ni mshiriki wa utafiti. Asipotajwa alikuwa nani, aliridhia vipi na nani alithibitisha, makala isichapishwe, na zile zilizokwishachapishwa ziitiwe maelezo au ziondolewe.

Halafu wapo wale ambao hawatapandikizwa kamwe, ambao ndio wengi, na ambao kwao utafiti wa ini ungepaswa kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B, kwamba ni asilimia 13 tu kati yao walikuwa wamepimwa na kujua, na kwamba asilimia 3 tu walikuwa wanapata dawa. Chanjo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na dozi ya kwanza inapaswa kutolewa ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Taiwan iliyoanza mpango wa kitaifa wa kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984 ilishuhudia saratani ya ini ikipungua kwa watoto. Homa ya ini C sasa huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, kwa zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa. Kwa hiyo utafiti unaokosekana hapa hauhusu molekuli mpya. Unahusu njia: namna ya kumfikishia mtoto chanjo ile katika siku yake ya kwanza pale anapozaliwa nyumbani, namna ya kumpima mtu mzima bila kumfukuzisha kazi, namna ya kumfuata aliyepotea baada ya kipimo cha kwanza. Utafiti wa aina hiyo hauleti picha nzuri za magazetini. Machi 2024, huko Xi'an nchini China, ini la nguruwe aliyebadilishwa vinasaba liliwekwa ndani ya mwili wa mtu ambaye ubongo wake ulikuwa umekufa na likafanya kazi kwa siku 10, na habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Sipingi kazi hiyo hata kidogo. Huenda wajukuu zetu wakapona kwayo. Naomba tu mizani ya fedha isiangaliwe kwa ukubwa wa habari.

Tena, jibu la hapana lina thamani yake. Jaribio lililofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2021 liliwahusisha wagonjwa 777 waliolazwa kwa makovu ya ini yaliyofikia hatua ya kuleta matatizo, likaonyesha kwamba kuwapa albumini kila siku ili kuipandisha hadi kiwango fulani hakukuwasaidia kuliko matibabu ya kawaida, na kuliambatana na matukio zaidi ya maji kujaa mapafuni. Dawa hiyo ilikuwa ikitolewa kwa nia njema, tena kwa gharama kubwa. Wadi yetu imeacha desturi hiyo kwa sababu mtu alikubali kugharimia swali ambalo hakuna kampuni ingenufaika na jibu lake.

Ninachoomba kwenu, kwa hiyo, ni kwamba fedha za umma zisitolewe kwa utafiti wowote wa upandikizaji ambao hautaeleza wagonjwa wangapi walionwa, wangapi waliachwa na kwa sababu ipi, sababu za kifedha na za kifamilia zikitajwa kwa majina yake badala ya kufichwa ndani ya maneno kama “hakufaa”. Naomba rejista zianze pale ugonjwa unapogunduliwa kuwa mkubwa, na watoaji walio hai wafuatiliwe maisha yao yote kwa gharama za mfumo wa afya. Huduma za kutuliza maumivu na mateso ya wagonjwa wa ini, ambao wengi hufariki bila hata kupangiwa utaratibu wa kuondolewa maji tumboni, zitengewe fungu lake la utafiti badala ya kuachiwa mabaki.

Najua nitajibiwa kwamba rejista za namna hiyo ni ghali, na kwamba siri za wagonjwa zitavuja. Kuhusu siri, kumbukumbu za saratani zimetunzwa kwa miongo mingi katika nchi nyingi kwa sheria zinazojulikana, na za ini zinaweza kufuata sheria hizohizo. Kuhusu gharama, sehemu kubwa ya habari ninazoziomba tayari zipo katika madaftari ya kliniki kwa mwandiko wa wauguzi: jina, tarehe, uamuzi wa kikao, na katika safu ya mwisho, pale ambapo familia ilipiga simu kutujulisha, tarehe ya kifo. Kinachokosekana ni agizo kutoka kwenu la kuzikusanya, karani wa kuziingiza kwenye kompyuta, na mtafiti mwenye ruhusa ya kuzisoma. Kliniki moja inaweza kuanza na miaka 5 iliyopita. Naomba agizo hilo litolewe katika mwaka huu wa fedha, na matokeo yake yatakapokuwa tayari yachapishwe mahali ambapo mgonjwa anaweza kuyasoma bila kulipia.

Wenu katika utumishi,

Muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya ini